Sura ya 5: Gari Ambalo Halijabeba Kitu

Mzee mmoja, jirani yangu wa zamani, aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, mengi yakiwa ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na kurudi. Siku nilipompelekea modeli yangu ya lori la jeshi, alivaa miwani, akaiweka kiganjani, akaigeuza polepole kama mtu anayechagua embe sokoni. Nilikuwa nimeihangaikia miezi minne. Nikakaa kimya nikisubiri sifa.

"Zuri," akasema. "Lakini hili gari halijabeba kitu."

"Mzee, mbona limejaa? Angalia nyuma. Madebe, masanduku, turubai, matandiko, mpaka sufuria za kupikia."

"Naviona. Vimewekwa. Havijabebwa." Akagusa tairi la nyuma kwa ncha ya kucha. "Springi zimenyooka kama gari limetoka kiwandani leo. Tairi limekuwa duara tupu, halijakaa chini hata kidogo. Na huu mzigo kamba umeifunga wapi? Kwa kamba hii, ukifika Chalinze umeshamwaga kila kitu barabarani."

Akanirudishia gari langu, akaomba chai. Mimi nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimenunua seti ya plastiki iliyo sahihi, nikafuata maelekezo, nikaongeza vitu zaidi ya ishirini nilivyojiundia mwenyewe, kisha mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna watu wazima wanaogundisha malori ya plastiki akaona kasoro yake kabla chai haijachemka.

Sura hii ni juu ya kujiundia vipande: vile vitu vidogo ambavyo haviko kwenye boksi, unavyovitengeneza kwa bati, karatasi, waya na gundi ili modeli ikaribie gari lenyewe. Wenzetu wa Ulaya, Japani na Marekani wana vitabu na mashindano ya kazi hii. Sisi tuliokulia kwenye mitaa isiyo na duka la vitu vya kuchezea tuliifanya kabla ya kujua kwamba ina jina. Gari la waya lenye tairi zilizokatwa kwenye ndala kuukuu, taa za vizibo vya soda na usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, limejengwa kutoka sifuri kila kipande. Tofauti ni ukubwa tu. Gari la waya halidai uwe sahihi hadi sehemu ya milimita.

Modeli nyingi za magari ya jeshi ni za kipimo cha 1 kwa 35. Namba hiyo haikutoka kwenye hesabu ya mwanajeshi wala mhandisi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotengeneza kifaru chake cha plastiki aina ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kiweze kutembea, kwa hiyo mwili wake ukapimwa kwanza uweze kumeza mota na betri. Kuja kupiga hesabu, wakakuta ni takriban moja ya thelathini na tano ya kifaru halisi. Kampuni nyingine zikafuata, na dunia nzima ya vifaru vidogo imekaa kwenye kipimo kilichoamuliwa na betri.

Kipimo hicho ukishakikubali, hesabu yake inakutawala. Milimita 1 ya modeli ni sentimita 3.5 za gari halisi. Sasa fikiria jinsi kipande cha plastiki kinavyozaliwa: plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwenye kalibu ya chuma, nayo isipopata nafasi ya kutosha haifiki pembeni. Ndiyo maana madigadi ya modeli huwa mazito, yakikaribia milimita 1, na ukiyazidisha mara 35 unapata bati la unene wa ubao wa mlango. Hakuna lori lililowahi kuvaa bati la namna hiyo. Tena kipande lazima kichomoke kwenye kalibu bila kung'ang'ania, hivyo mpini wa debe, ambao kwenye debe la kweli unapitisha vidole, kwenye plastiki huwa uvimbe ulioziba. Jicho la mtazamaji haliwezi kutaja milimita, lakini linajua. Linaona kitu kizito mahali penye kitu chepesi, likakiita cha kuchezea.

Kwa hiyo maswali ya kwanza ya fundi ni mawili: kipi hapa ni kinene mno, na kipi kimeziba pasipotakiwa kuziba? Mimi nilidhani yanatosha. Mzee akaniongezea la tatu: kitu hiki kinafanya kazi gani?

*

Lori nililompelekea ni Chevrolet ya kikosi cha Waingereza cha Long Range Desert Group, wale waliozurura majangwa ya Libya na Misri nyuma ya mistari ya Waitaliano na Wajerumani katika Vita ya Pili ya Dunia. Seti ya Tamiya ya lori hili imekuwa madukani tangu miaka ya 1970, nayo ni ya aina ya 1533X2 iliyotengenezwa Kanada na kufika jangwani mwaka 1942. Nalipendekeza kwa kila anayetaka kujifunza kujiundia, kwa sababu lori lenyewe lilikuwa kazi ya watu waliojiundia. Halikutoka kiwandani likiwa gari la vita. Lilikuwa lori la kubeba mizigo la tani moja na nusu, likang'olewa milango, paa na kioo cha mbele, likaongezewa nguvu ya springi, halafu likatundikwa vitu vilivyobuniwa na watu waliowahi kukwama mchangani na kukaukiwa maji.

Mkubwa wao alikuwa Ralph Bagnold. Miaka ya 1920 na 1930, akiwa ofisa wa jeshi la Uingereza, alitumia likizo na fedha zake mwenyewe kuvuka jangwa la Libya na rafiki zake kwa magari ya Ford Model T, baadaye Model A. Kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo bado kinawafaa wanaochunguza matuta ya mchanga ya sayari ya Mirihi. Vita ilipoanza mwaka 1939 jeshi halikumpanga jangwani hata kidogo. Alikuwa melini kuja Afrika Mashariki. Meli yake ikagongana na nyingine katika bahari ya Mediterania, ikaingia Port Said kwa matengenezo, na Bagnold akapanda treni kwenda Cairo kusalimia watu anaowafahamu. Hakuja tena huku. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, alimwandikia Jenerali Wavell pendekezo la kikosi cha jangwani, akapewa ruhusa na wiki sita za kukiandaa. Wengi wa watu wake wa mwanzo walitoka New Zealand, wakulima na watu waliozoea magari.

Tuchukue kitu kimoja cha lori hilo tukitazame kwa karibu: kopo la kurudishia maji.

Kila dereva wa njia za jangwani au za milimani anajua gari kuchemsha. Maji ya rejeta yanachemka, mvuke unatoka, maji yanapungua, unaongeza. Barabarani unaomba maji kwenye nyumba iliyo jirani. Jangwani maji ya rejeta ndiyo maji ya kunywa. Bagnold na wenzake walifunga bomba la mpira kutoka kwenye tundu la kutolea mvuke la rejeta, wakalipeleka kwenye kopo lililofungwa nje ya gari likiwa na maji kidogo ndani. Mvuke ukifika humo unapoa, unarudi kuwa maji. Kopo nalo likichemka na kuanza kutema, dereva anasimama, anageuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka, anasubiri kama dakika moja. Rejeta inapoa, inavuta, na maji yote yanarudi ndani kwa sauti ya kugugumia. Hakuna tone lililopotea.

Kwenye modeli ya kwanza kopo hilo nilitengeneza kwa kipande cha mrija wa kunywea soda. Upana wake ulinifaa, kama milimita 6, yaani kopo la sentimita 21. Lilikataa. Mirija hiyo ni ya plastiki isiyoshika gundi. Supaglu inakauka juu yake kama ukoko, ukiigusa inabanduka. Nilipoteza jioni mbili kabla ya kukubali. Njia iliyofanya kazi ni ya karatasi: kata ukanda wa karatasi ya daftari, uzungushe kwenye msumari mnene uliopakwa nta ya mshumaa, uloweshe kwa supaglu, na kabla haijakauka kabisa chomoa msumari. Karatasi iliyokunywa supaglu inakuwa ngumu, unaipiga msasa, unaitoboa, unaikata kwa wembe bila kuchanika. Kifuniko ni kiduara cha plastiki nyembamba. Mishono ya kopo ni unywele wa plastiki: unashika kipande cha fremu iliyobaki baada ya kukata vipande vya seti, unakizungusha juu ya mshumaa mpaka kilegee, unakivuta kwa mikono miwili kwa mwendo mmoja, nacho kinarefuka kuwa uzi mwembamba upendavyo.

Bomba nalo lilinifundisha jambo. Nilianza na waya wa shaba. Waya wa shaba una tabia ya kukumbuka. Ukiukunja unabaki na pembe, unaonekana ni waya. Mpira uliojaa mvuke una uzito, unalala, unabonyea katikati pasipo na kishikizo. Nikahamia kwenye waya wa lehemu, ule mafundi redio wanaotumia, ambao ni laini na unakaa ulivyolazwa. Unene wa milimita 0.8 unakupa bomba la karibu sentimita 3. Sehemu mbili za kufungia nikazizungushia vipande vya karatasi ya aluminiamu ya jikoni, vyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Hapo nilipolitazama kopo langu, kwa mara ya kwanza niliona maji yanakotoka na yanakokwenda. Kopo la seti nalo lilikuwepo, umbo lake halikuwa baya, ila halikuunganishwa na kitu.

Dira ya jua nitaieleza kwa kifupi kwa sababu ni rahisi. Dira ya sumaku inapotoshwa na chuma cha gari, hivyo Bagnold alitumia kisahani kilicholazwa, kimegawanywa nyuzi 360, na sindano iliyosimama katikati. Kivuli cha sindano kinaonyesha uelekeo. Kwenye modeli ni kiduara kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti na kipande cha waya mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye waya wa simu. Nimeona modeli nzuri sana yenye dira hiyo, nyuzi zake zimechorwa kwa kalamu, imefungwa vizuri mbele ya dereva, na juu yake limetandazwa turubai la kuzuia jua.

*

Mabati ya kujinasulia yanastahili muda zaidi. Gari likizama mchangani, unachimba mbele ya tairi za nyuma, unasukumia bati chini, gari linapanda juu yake na kutoka, unakimbilia bati, unalirudisha mbele. Wale waliokwama kwenye tope la masika wakatafuta mawe na matawi wanajua kazi hiyo. Bagnold aliyakuta ya kwanza kwa muuza vyuma chakavu wa Cairo: vyuma vizito vilivyopinda, vilivyotengenezwa kuezekea mahandaki ya Vita ya Kwanza, vya urefu wa futi 5 hivi. Baadaye yakatengenezwa yenye matundu.

Futi 5 kwa kipimo chetu ni milimita 43 na nusu. Ya kwenye seti ni manene. Kopo la soda limefuliwa kwa aluminiamu ya unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ambayo kwa 1 kwa 35 ni milimita 3 na nusu, karibu kabisa na chuma cha namna hiyo. Kata juu na chini kwa mkasi wa zamani, pasua ubavu, laza, piga msasa rangi itoke. Vaa glavu. Mimi sikuvaa, na kovu lipo kwenye kidole cha shahada mpaka leo.

Aluminiamu ya kopo ni ngumu na ina kiburi. Ukiikunja inaruka nyuma, ukiilazimisha mara ya pili kwenye mstari uleule inakatika. Dawa yake ni moto na sabuni. Paka sabuni ya mche kavu upande mmoja, pitisha bati juu ya mwali bila kuliacha likae. Sabuni ikigeuka kahawia inayokaribia weusi, toa. Joto limetosha kulilainisha, na halijafika mahali pa kuliyeyusha. Likipoa linakuwa tiifu kama karatasi ya chokoleti. Nililaza langu juu ya spoku ya baiskeli na kulisugua kwa mpini wa mswaki mpaka likashika mkunjo. Kisha matundu: kwanza alama zote kwa sindano na rula, halafu toboa kwa kekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, bati likiwa juu ya ubao mgumu. Ukiruka hatua ya alama, safu zitayumba, na safu ya matundu iliyoyumba huonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Nilitengeneza manne, nikayang'arisha, nikayapaka rangi sare na gari, nikayatundika ubavuni yakiwa yamenyooka kama rula. Mzee hakuyataja siku ile. Nilipomweleza baadaye kazi yake, alicheka. "Bati linalokanyagwa na gari la tani tatu kila siku, limenyooka hivi?" Sasa huyapindisha kidogo kwa vidole, kila moja upande wake, na rangi naiacha imekwanguka katikati, tairi linapopita.

Makumbusho ya Imperial War Museum ya London ina Chevrolet moja ya kikosi hiki, ya aina ya mwanzo, iliyookotwa jangwani Libya miaka mingi baada ya vita. Hawakuipaka rangi upya wala kuinyoosha. Imesimama na kutu yake. Anayetaka kujua bati la lori linavyobonyea aanze na picha za gari lile kabla ya kufungua boksi.

*

Kuna kitu kimoja kwenye lori hili ambacho msomaji wa Kiswahili ana haki nacho kuliko fundi wa Tokyo au Antwerp, nacho ni debe.

Mwanzoni mwa vita, petroli ya jeshi la Uingereza jangwani ilisafiri kwenye makopo ya bati jepesi ya galoni 4, kama lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Ni debe lilelile lililoleta mafuta ya taa pwani na bara, likabaki kuwa kipimo cha mahindi, maharage na mchanga wa kujengea, likakatwa likawa jiko, taa, ndoo, paa na mlango. Askari walililaani kwa sababu lilivuja. Mishono iliachia kwa kutikiswa, na sehemu ya petroli ililowesha mchanga kabla ya kufika. Lakini nao walilitumia kama sisi: walilikata, wakatia mchanga, wakamwagia petroli, wakachemshia chai. Ndiyo maana Waingereza walifurahi walipoteka madebe ya Wajerumani ya lita 20, yale ya chuma kigumu yenye mishikio mitatu na alama ya X ubavuni, kisha wakayaiga.

Debe la galoni 4 kwenye modeli ni kama milimita 6.7 kwa 6.7, urefu milimita 10. Seti nyingi hukupa matofali yenye umbo hilo. Mimi hufunga mche wa plastiki wa ukubwa huo kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, nikaukandamiza kwa kijiti mpaka kingo zionekane, nikabonyeza ubavu mmoja kwa kidole. Bati jepesi halibaki bapa. Kila aliyewahi kukaa na debe nyumbani anakumbuka mlio wake linapobonyea na kurudi likipata joto la jua. Mpini ni uzi mmoja wa waya, umekunjwa, umelala. Na debe lililokatwa la chai, lenye masizi upande mmoja, huwa la mwisho kupangwa, juu ya mzigo, kwa sababu ndilo la kwanza kushushwa wakisimama.

Baada ya maneno ya mzee niliubomoa mzigo wote na kuanza upya. Safari hii nilianza chini. Nilikata nguzo za springi za nyuma na kuushusha mwili milimita 2, yaani sentimita 7 za kweli, na tairi nikazipiga tupa chini zikawa bapa, kisha nikaongeza ukingo mwembamba wa pati pembeni ili zionekane zimefutuka. Malori haya yalianza safari na mafuta ya zaidi ya maili 1,000, chakula na maji ya wiki kadhaa. Mchangani upepo wa tairi ulipunguzwa ili zikanyage pana.

Halafu mzigo wenyewe. Vitu vya plastiki vikigundishwa juu ya plastiki vinaelea. Kati ya matandiko na sanduku kuna mwanya wa unywele, na unywele kwa kipimo hiki ni unene wa njiti ya kiberiti. Siku hizi hupanga vitu vigumu kwanza, juu yake nakandika pati ya epoksi ikiwa bado laini, ile ya kuchanganya sehemu mbili, nikakandamiza matandiko ndani yake mpaka yachukue umbo la kilicho chini. Turubai ni karatasi laini ya chooni, tabaka moja, iliyoloweshwa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu. Usiipange mikunjo. Iangushe, iache ijikunje yenyewe, kisha saidia pale tu ilipogoma. Gravitesheni haipungui kwa 35, na karatasi haijui kwamba inatakiwa kuwa nzito, kwa hiyo lazima uivute chini kwa brashi iliyolowa.

Kamba nilitumia uzi wa cherehani, nikagundua kosa langu la kale: uzi una manyoya. Kwa macho ni laini, lakini kila unyoya ukizidishwa mara 35 unakuwa kamba nyingine imechomoza. Pitisha uzi kwenye nta mara tatu, manyoya yanalala. Na kamba ifungwe kweli. Usigundishe mwisho wake kwenye bodi ukafikiri umefunga. Weka ndoano za waya, zungusha, vuta, karatasi ibonyee, pati iingie ndani. Kama fundo liko mahali ambapo mkono wa mtu wa milimita 50 hauwezi kufika, fundo hilo ni la uongo.

Bunduki za rashasha nazipita; kuna kampuni zinauza mitutu ya shaba iliyochongwa kwa mashine, na mtu aliye timamu hununua. Kuhusu kununua, nina neno. Miaka ya 1970, Mmarekani Shepard Paine aliandika vikaratasi vilivyowekwa ndani ya maboksi ya Monogram, vikionyesha jinsi modeli ya kawaida inavyogeuka kwa vitu vya nyumbani, na kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya mandhari za modeli kimefundisha wengi. Mbelgiji François Verlinden akaenda mbali zaidi: akaanza kuuza mizigo tayari, masanduku na matandiko ya resini, chagua uweke. Siwalaumu wanaonunua. Ila mzigo wa resini uliokwishafungwa unakuja na gari la mtu mwingine akilini, na mara nyingi hukaa juu ya lako kama kofia ya kuazima.

*

Nilipomaliza mara ya pili, nilingoja mzee apone homa, nikampelekea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta lile linalokwenda Chalinze?"

Akalikagua kuanzia chini. Tairi, springi, kamba. Akaivuta kamba moja kwa kucha, haikutoka, akaguna. Nikamsimulia habari ya Ronald Moore. Tarehe 31 Januari 1941, huko Jebel Sherif, kusini ya Kufra, doria moja ya kikosi hiki ilishambuliwa na Waitaliano kwa magari na ndege. Malori kadhaa yakaungua. Watu wanne waliojificha kwenye miamba walibaki nyuma, kukiwa na maji yasiyofika galoni 2 kwa wote. Badala ya kujisalimisha waliamua kufuata nyayo za magari kuelekea kusini kwa miguu. Moore alikuwa na jeraha la mguuni. Siku ya kumi Wafaransa walimkuta bado anatembea, zaidi ya kilomita 300 kutoka walipoanzia. Mmoja wa wenzake, Easton, alifariki baada ya kuokolewa.

Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye lori. Kisha akauliza, "Hapa kwako, maji ni yapi na petroli ni ipi?"

Nikamwonyesha. Maji nilikuwa nimeyapanga katikati, chini kabisa, chini ya masanduku na matandiko, madebe matatu yaliyofanana na mengine yote. Wajerumani walipiga msalaba mweupe kwenye madebe yao ya maji; mimi sikuwa nimeweka alama yoyote.

"Usiku utayajuaje? Na gari likiwaka moto, nani atafukua mpaka huko chini?" Akagonga ubavu wa gari, karibu na kiti cha dereva. "Maji yanakaa hapa. Unaruka nayo."

Nililirudisha lori nyumbani. Usiku ule niliwasha taa ya mezani, nikatoa kisu, nikakata kamba niliyoifunga kwa siku mbili. Turubai la karatasi lilitoka zima. Sanduku la pili lilipasuka kati, na pati iliyokuwa chini yake ilikuwa imeshakuwa jiwe.